Ncha ya Kamba

…na acheke basi huyu Diriye, acheke mpaka lile jino lake la dhahabu limdondoke, maana mwanawe Sahal, bwana harusi, jasho linamtiririka na rafiki yake Liban analipapasa kapu langu tangu alasiri, hapati ncha ya kamba, na hataipata, nimelifunga mwenyewe, nyama kavu ndani ya samli, tende zilizopondwa juu yake, kapu nikalivika shuka jeupe kama bibi harusi mwenyewe, kisha kamba, mzunguko juu ya mzunguko, na ncha… ncha nimeishona ndani ya shuka kwa uzi mweupe, jambo ambalo marehemu mama angenizabia kibao, kwa sababu kapu la siku ya saba ya harusi, wanalolifungua watu wa bwana harusi, unaficha ncha lakini huifanyi isipatikane, mwenye akili lazima aweze kulifungua. "Wee Liban, mshike taratibu, huyo ni bibi harusi, si ngamia!" dada yangu Shamis huyo, na wanawake wote vigelegele, "Magharibi ikiingia hujafungua, Idil harudi kwenu, anabaki kwa mama yake!" wanacheka, wanadhani ni utani, kumbe mimi ndicho hasa ninachotaka, ashindwe, ashindwe kweupe mbele ya ukoo mzima, na baba yake Sahal, huyu Diriye na ndevu zake za hina, ajue maana ya kukaa watu wakikutazama kwa huruma, maana mimi naijua, Diriye, miaka thelathini naijua… Burao, kapu langu limeshafungwa, wazee wako wameshakuja kuniposa, wamekula, wamekunywa, wameomba dua, halafu habari inaletwa na dereva wa lori, dereva! hukumtuma hata mjomba, eti umeshaoa Jibuti, basi, na mama akachukua kisu akalipasua lile kapu, kamba na shuka pamoja, akawaita watoto wa mtaani waje kula, nilikuwa chumbani nawasikia wakitafuna… halafu leo unakaa kwenye zulia langu, unakunywa chai yangu ya iliki, unaitwa mkwe! Hivi wanaume wote wa Hargeisa waliisha mpaka binti yangu ampende mtoto wa huyu? "Mama, wanaonewa," Idil ananinong'oneza nyuma ya bega, "mtazame Sahal, anainuka anakaa, anainuka anakaa," namwambia nyamaza, hiyo ndiyo mila, mume asiyejua kutulia hawezi kulea mke, naongea kwa sauti ya mtu mzima mwenye hekima, mwongo mkubwa mimi, na anajua nadanganya, ananitazama vile alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo nikimwambia sindano haiumi. Tafuta, Liban, tafuta tu… Diriye anamgeukia mume wangu, anampiga paja, wanaelewana hao, nani aliwaambia waelewane, "Jibril bwana, kumbe mkeo ni wa Burao? Mimi nilikaa Burao ujanani, mji wa upepo na vumbi, wallahi simkumbuki hata mtu mmoja wa kule." Hata mmoja. Hata mmoja! Nasubiri ajikwae, macho yamkimbie, ajikohoze kidogo, walau aone haya, lakini wapi, anakunywa chai, anaomba sukari, na macho yake yananipita kama yanavyoipita birika, hajifanyi, Mungu wangu, hajifanyi, hakumbuki kweli… yaani mimi ndiye niliyekuwa nakitunza hiki kitu peke yangu, nakifuta vumbi, nalala nacho, na mwenyewe hata hajui kuwa alikiacha, miaka yote hii nimekuwa mlinzi wake bila hata ahsante, ee, mjinga gani mimi! Na Jibril je? Kapu la pili, la kwangu na Jibril, alilifungua mwenyewe baada ya rafiki zake kushindwa, na vidole vyake vile vya mwashi, shangazi zangu wanamchapa fimbo mgongoni kila akikosea naye anacheka, anacheka, na lilipofunguka akachukua kipande cha kwanza akanilisha kwa mkono wake, nikatafuna… kilikuwa na ladha gani? Sijui. Nilikuwa Jibuti. Kinywa kilikuwa hapa na mimi mzima nilikuwa Jibuti, namtukana mwanamke nisiyemjua, nyama ya harusi yangu mwenyewe sikuionja, na leo ni siku ya mwanangu nami natazama ndevu za huyu mzee, nikizidi hivi nitaikosa na hii, naikosa sasa hivi, hapa hapa, macho makavu nimeyatoa, ndivyo nilivyo, hasira tele, lakini safari hii najikasirikia mwenyewe… "Liban!" sauti inanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "achana na kamba, mwanangu, tazama shuka, pindo la chini, upande wako, pana uzi." Vigelegele vinakatika. "Kinsi! Una wazimu?" Shamis amesimama, mikono kiunoni, "unamfundisha adui? Kwani wewe uko upande gani?" "Upande wa wenye njaa," namjibu, na Jibril anaangua kicheko kile kile cha siku zile, Liban bado ameinama, anazungusha kapu, hajauona uzi, anapapasa tu, Diriye anasema kitu, sijui nini, sikumsikiliza, Idil ameweka kidevu chake begani pangu, kizito, kinaniumiza mfupa, na sitaki akiondoe.