Taa Mbili Zinazokonyeza

Simu mpya ya mapokezi ilikuwa na vitufe vingi kuliko vifungo vya kanzu ya padri, na karani wa mapokezi aliichukia tangu siku ilipofungwa.

Kwenye laini ya kwanza alikuwa mama mkwe, akitangaza kwamba anakuja kukaa kwao "siku chache tu". Siku chache za mama mkwe, karani alizijua!

"Subiri kidogo, mama," akasema, akamweka pembeni. Taa ya laini hiyo ikaanza kuwaka na kuzimika. Akashika laini ya pili, akampigia mumewe. Mume alipopokea tu, mgeni akainamia meza kuuliza choo kiko wapi. Ikabidi mume naye awekwe pembeni. Mgeni alipoondoka, taa mbili zilikuwa zinamkonyeza karani, zinafanana kama mapacha.

Akabonyeza moja, akanong'ona kwa hasira, "Baba watoto, mama yako anataka kuja tena! Mwambie nyumba imejaa kunguni, aende kwa dada yako!"

Kisha sauti ya upole ikajibu:

"Poleni, mwanangu. Mbona mlinificha? Nakuja na dawa, na siondoki mpaka afe kunguni wa mwisho."