Baba wa Lazima

Kompyuta ya masjala ya wodi ya wazazi iliitwa Bibi, na jina lilimkaa vizuri. Ukimharakisha ananuna, ukimbembeleza anasinzia. Feni ya dari ikiwashwa Bibi anazimika, kwa hiyo makarani waliloa jasho mwaka mzima ili yeye apumue. Herufi zake za kijani zilitokea moja moja kwenye kioo cheusi, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi na goti bovu. Kompyuta mpya zilikuwepo, ndiyo, kwenye maboksi ofisini kwa mkurugenzi, na juu ya maboksi hayo mkurugenzi aliweka birika lake la chai. Ukiuliza zitafunguliwa lini, unaambiwa mchakato unaendelea. Mchakato gani huo! Kuna watoto waliosajiliwa na Bibi ambao sasa wananyoa ndevu.

Mke wa fundi wa majokofu alihamishiwa hapo kutoka dirisha la dawa. Mumewe ndiye aliyekuwa akitengeneza majokofu ya chanjo ya hospitali ileile, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na makuu. Mke naye alimpenda, ila alikuwa na ugonjwa wa kushuku. Mwaka uliopita alisikia mumewe anaonekana mara kwa mara kwa muuza samaki mmoja mjane. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja, akamporomoshea yule mama matusi mbele ya wateja, huku mumewe akichungulia kutoka nyuma ya friza aliyokuwa akiitengeneza, bisibisi mkononi. Aibu ile haikufutika. Usiku huo fundi alimwambia kwa upole ambao ulitisha kuliko kelele, "Mke wangu, siku ukinishuku tena bila ushahidi, nafungasha." Naye mke akala yamini.

Sasa siku moja akaja mama mwenye mtoto wa kiume mgongoni. Karatasi ya kuzaliwa ya mtoto ilikuwa imeloa mvua na kuchanika, akataka nakala. Mke wa fundi akaandika namba, akagonga, akangoja. Bibi akajikongoja. Jina la mtoto. Jina la mama. Kisha, herufi kwa herufi, jina la baba: la kwanza, la babu, la ukoo. Yote matatu yalikuwa ya mumewe.

Jina la ukoo ule hata majirani hulikosea. Halikuwa jina la kusema labda ni mtu mwingine. Akainua macho akamkagua mtoto. Masikio yalikuwa yamesimama. Mumewe ana masikio ya kusimama. Kabla hajapata la kusema, Bibi akaganda, kioo kikabaki na jina lile linang'aa.

"Mashine imekwama," alimwambia yule mama, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Njoo kesho."

Jioni alimtazama mumewe akila. Alikula kama kawaida, na ukawaida huo ndio uliomtia wasiwasi, maana nani anakula kwa utulivu hivyo kama hana la kuficha? Akamchezea binti yao, akamkagulia madaftari, akasifu mchuzi. Mbona leo anasifu mchuzi? Mke akajikaza kisabuni. Ulimi ulikuwa unamwasha, lakini alikumbuka neno lile la kufungasha, akaumeza.

Kesho yake aliwahi kazini kuliko wote akamwamuru Bibi atafute kwa jina la baba. Bibi alikoroma weee, akaleta mtoto mmoja. Bonyeza, ngoja. Akaleta wa pili, mama mwingine. Bonyeza, ngoja. Wa tatu, mama mwingine tena. Halafu mapacha! Mke wa fundi akashika ukingo wa meza. Huyu mwanamume alipata wapi muda? Anarudi nyumbani kabla ya jua kuzama, Jumapili anafua soksi zake mwenyewe. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na kinajifulia!

Makarani wengine wakaanza kuingia, akaufunga haraka ule ukurasa. Aliyekaa naye meza moja ni mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, aliyekuwepo tangu Bibi mwenyewe akiwa kigoli. Haukupita muda fundi akapita mlangoni na boksi lake la vifaa, akapunga mkono. Shangazi akamgonga kiwiko karani wa upande wa pili, akanong'ona, "Baba yao huyo!" Wakacheka hadi wakafuta machozi.

Kwa hiyo wanajua. Masjala nzima inajua, na yeye amekaa katikati yao kama gunia la mkaa. Damu ilimchemka. Ushahidi si huu?

Ndipo yule mama wa jana akatokea dirishani. Safari hii Bibi alikubali, printa ikalia kwa kukwaruza, karatasi ikatoka. Yule mama akaisoma, akakunja uso.

"Dada, huyu baba ni nani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Simjui mtu huyu. Ile ya kwanza hapa palikuwa pamepigwa mstari."

"Humjui?" Mke wa fundi alisimama. "Kulala naye ulimjua, jina ndilo humjui? Ngoja nikuitie, yuko hapo ndani anafungua friji!"

Foleni nzima ikageuka kutazama. Yule mama akaanza kutokwa na machozi, mtoto naye akafuatisha. Shangazi aliruka kutoka kitini kwa wepesi ambao mwili wake haukuahidi, akachukua karatasi, akapiga mstari wa kalamu ya wino juu ya jina la baba, akagonga muhuri, akamwomba mama radhi mara tatu. Kisha akamvuta mke wa fundi nyuma ya kabati la mafaili.

"Mwanangu, una wazimu?"

"Mnajua nyote! Mnacheka!"

Shangazi alimtazama, kisha akaelewa, akashika mdomo. "Maskini, hawakukuambia. Bibi hataki nafasi tupu. Sehemu ya baba ni lazima, majina matatu, la sivyo haendi mbele wala harudi nyuma. Msichana amekuja peke yake, hataki kumtaja mtu, foleni imefika nje. Ufanyeje? Ukiinua macho kutoka kwenye kibodi unaona nini?"

Mke wa fundi akageuka. Mbele ya meza lilisimama jokofu la chanjo, na mlangoni mwake kibandiko cha matengenezo: limekaguliwa na fulani, majina matatu kamili.

"Ndilo tunaloandika," alisema Shangazi. "Miaka sasa. Halafu kwenye karatasi tunakata kwa kalamu. Mumeo mwenyewe hajui lolote, na usimwambie, ataona haya kutupitia hapa."

Mke wa fundi aliketi juu ya rundo la mafaili akacheka, akalia, akacheka tena. Aliona haya kwa ajili ya yule mama, akaona haya zaidi kwa yale aliyomuwazia mumewe. Mtu mwema kiasi kile! Hata hivyo siri ile ilikuwa tamu mno kukaa nayo peke yake. Njiani kurudi nyumbani aliamua atamwambia, ila kwanza amtishe kidogo, aone uso wake, ndipo wacheke wote wawili na shauri la muuza samaki lizikwe.

Alimkuta jikoni ananawa mikono. Binti alikuwa nje na wenzake. Mke akajitia ukali usoni, akaegemea mlango.

"Bwana wee, leo nimekukuta kwenye mashine ya wodi ya wazazi. Baba wa mtoto, jina lako lote."

Fundi hakugeuka. Mikono ilibaki chini ya bomba, maji yanatiririka, povu limekwisha zamani.

"Aliniapia hatanitaja," akasema.

Mke akaacha kuegemea mlango. Akafahamu, palepale, kwamba mwanamke huyo hakuvunja ahadi. Alikuja mezani peke yake, akanyamaza. Bibi akagoma, na karani fulani mwenye haraka akainua macho kwenye jokofu. Mtoto wake yumo humo, mmoja katika wale watoto wote.

"Funga bomba," alimwambia mumewe. "Halafu kaa uniambie ni yupi."