Kaseti ya Ojiambo kwa Mashine Mbili

"Hivi Wilkister, marehemu alikuachia neno lolote, ama alienda kimya kimya?" Emmaculate, jirani wa pale Burumba, alimuuliza hivyo siku ya tatu baada ya mazishi, wakichambua maharagwe. Wilkister akamwambia neno lipo, liko kwa kaseti. Ojiambo alijirekodi akiwa kitandani: mke wangu asirithiwe na mtu, aachwe kwa nyumba yake na Mungu wake.

Emmaculate hakuwa na kifua. Kufikia Jumapili, Bwire, mdogo wa marehemu aliyekuwa tayari kumrithi shemeji yake, alikuwa amesikia.

Wilkister akaipeleka kaseti Malaba, mpakani mwa Uganda, kwa Echodu, mpiga chapa aliyekuwa na kompyuta mbili: moja ya kawaida, nyingine Makintoshi iliyoachwa na wamisionari. Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa. Echodu akaiingiza sauti kwenye zote mbili kwa programu ile ile, ili nakala moja ikiharibika nyingine ibaki. Alifanya la maana, kwa sababu wiki hiyo hiyo redio iliitafuna kaseti.

Bwire alipoikataa sauti hiyo, ukoo ukakutana hapo kwa Echodu kuamua. Mzee Okumu, mwenyekiti, akataka kusikia nakala zote, tena na tena. Kwenye kompyuta ya kawaida Ojiambo alikohoa, akavuta pumzi, ndipo akasema. Kwenye Makintoshi kikohozi kilitoka kama filimbi, na pumzi haikuwepo. Maneno yalikuwa yale yale.

"Mmesikia?" Bwire akaruka. "Pumzi imeenda wapi? Hii imekatwa ikashonwa! Mashahidi wawili wakitofautiana, kesi imekufa."

"Boss, hakuna aliyekata," Echodu akasema. "Programu hutupa sauti ndogo ndogo ili faili iwe nyepesi. Hesabu ni moja, lakini kila mashine inakata desimali mahali pake. Hii imeona pumzi ni kitu, ile imeona si kitu."

"Hizo ni hadithi za Waganda!"

Wilkister alikuwa ameketi, Biblia mapajani. Alingoja machozi, hayakuja. Alingoja hasira, nayo haikuja. Ilikuwa kama kusikiliza watu wakipatana bei ya ng'ombe asiye wake.

"Mama," Mzee Okumu akamgeukia, "kati ya hao wawili, bwana yako ni yupi?"

"Wote, mzee."

"Utaapa?"

"Ndiyo yangu ni ndiyo. Kuapa, siapi." Kisha, bila kuinua sauti: "Echodu, uko na kaseti tupu? Mrekodi shemeji. Halafu mpitishe kwa zote mbili."

Bwire akacheka, akasogelea kinasa sauti. "Mimi Bwire, natangaza nyumba ya ndugu yangu ni jukumu langu." Akamalizia kwa kuvuta kamasi, kama kawaida yake.

Wakangoja karibu saa nzima, malori yakipiga honi kule kwa foleni ya mpakani. Kompyuta ya kawaida ikamrudisha Bwire mzima, na kamasi yake. Makintoshi ikamrudisha mkavu, sauti yake ikikwaruza kama bati.

"Ai! Hata mashine imekupangusa pua!" mtu akapayuka, na kicheko kikajaa chumba.

Mzee Okumu hakucheka. "Haya, Bwire. Wewe gani ndiye umeshonwa?"

Bwire akajipangusa pua.

"Neno la marehemu limesimama," mzee akasema. "Huyu mama harithiwi. Mama, umeshinda. Sema kitu basi."

Wilkister alisimama. Siku hiyo alikuwa amemsikia mumewe akikohoa mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na kifua chake mwenyewe kilikuwa kimya tu. Akafunga kitambaa chake kichwani, akapita katikati ya magoti yao, akatoka.