Sufuria Iliyoidanganya Sumaku

Mwaka ule wa vita, wenye bunduki wa barieri, kizuizi cha barabarani cha kuingilia Muyinga, walitaka shaba. Waya za simu, za shaba, zilikuwa zimekatwa na kuibwa, basi kila birika nyekundu kwao ilikuwa mali ya wizi. Wakiichukua, keshokutwa iko kwenye lori la Kobero, mpakani, ikauzwe. Mkubwa wao, Matata, alipima kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio: kikinata ni chuma, pita nacho, kisiponata, kiage.

Mimi nilikuwa na sufuria. Marehemu mume wangu Othmani aliigonga kwa nyundo hapa Gitega mwaka alionioa. Shaba husambaza moto pande zote, pilau haiungui. Niliapa kwamba mjukuu wangu Swabra, anayeolewa Muyinga, atapikiwa humo.

"Mama, tuiache," akasema binti yangu Amisa. "Tutaazima ya alumini."

"Aolewe kwa alumini, amekosa nini?"

"Basi tuisugue. Tutaendaje kwa wakwe na masizi haya?"

"Ukiigusa na ndimu wekundu ukatokea, nakukana."

Nikakata bati kuukuu, nikalikunja likazunguka ndani ya sufuria, nikamimina mchele mpaka likabanwa ukutani. Shaba haizuii sumaku kuvuta chuma kilicho nyuma yake. Hilo nililijua kwa Othmani, si shuleni.

Kwenye barieri tukashushwa garini.

"We nyanya, iko nini humo?"

"Mchele, baba. Pima mwenyewe. Mi niliishia darasa la nne, vyuma navijulia wapi?"

Sumaku ikanata, lakini kivivu, kama mume aliyeitwa kupasua kuni. Matata akakunja uso.

"Mbona inashika kidogo?"

"Ukifika umri wangu, na we utashika kidogo."

Gari zima likacheka. Akanipungia mkono nipite.

Kwa wakwe nikaisugua uani kwa ndimu na majivu, ikawaka. Siku ya harusi nani akaja kufuata harufu ya nyama? Matata. Sahani ya kwanza akaimaliza. Aliporudi kuongezewa, akaiona sufuria.

"Nyanya! Hii si chuma."

"Ni shaba, baba. Ichukue basi, mbele ya watu hawa."

Watu mia mbili, mikono kwenye sinia, wote wanamtazama yeye. Bunduki ilikuwa begani, sahani mkononi.

"Au nikuongeze nyama?" nikamwuliza.

Akasogeza sahani. Nikampakulia taratibu, nikigonga upawa kwenye shaba kwa nguvu, mpaka jirani wa tatu asikie.