Damu ya Nguruwe kwenye Friji la Bi Thuwaiba

Mama yangu, Bi Thuwaiba, ni mtu wa kumpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na Ijumaa ile nilifanya yote mawili kabla ya alasiri.

Mimi ni daktari wa mifugo. Mwaka 2004 tulikuwa tunapima damu ya nguruwe wa Unguja. Ndiyo, wapo, anayebisha aulize mahoteli ya Kiwengwa yanapika nini. Tulitaka kujua wangapi wana virusi, na virusi vyenyewe ni vya ukoo gani, maana hata vya jina moja hutofautiana vinasaba. Mama, ambaye anaweza kukutajia babu zako mpaka Maskati, hilo tu ndilo lililompendeza katika kazi yangu. "Kumbe na wao wana nasaba," alisema. Mengine hakutaka kuyasikia. Nikirudi kazini alinisimamisha uani akanimwagia maji mara saba, josho moja la udongo, kama sheria ya dini inavyotaka, ndipo niziguse sahani zake. Mtu mzima mimi, nna ndevu.

Njia ya Kiwengwa kulikuwa na Bi Maryam, mjane wa Kikristo, aliyelea wajukuu kwa banda lake la nguruwe. Vitoto vya nguruwe vikaanza kufa pale. Ikaogopwa homa ya nguruwe, ile isiyobakisha kitu, na agizo likatoka: majibu ya damu yasipofika ndani ya wiki, banda zima liuliwe. Asubuhi ya Ijumaa mimi na msaidizi wangu, Ame, tukatoa damu. Kila chupa tuliibandika plasta yenye namba ya mnyama wake. Boti ya kuipeleka maabara Dar ilikuwa kesho yake, na friji la ofisini limekufa. Limebaki la mama, nyumbani kwetu Malindi.

"Mama, nnataka kuweka kitu kwenye friji."

"Kitu gani?"

"Damu ya mifugo."

"Mifugo gani, Zahran?"

Nikamwambia, na habari ya Bi Maryam nikamwambia. Akafungua friji. Halafu akatoa jagi lake la ukwaju na bakuli la samaki, akapanguza rafu ya chini. "Maskini mwanamke wa watu," akasema. "Weka."

Nikaenda kusali nikiwa na raha zangu. Niliporudi nilizikuta chupa zimepangwa frijini juu ya kitambaa cheupe, safi, zinang'aa.

"Nshakuoshea," mama akasema. "Saba saba, na la udongo humo humo. Na vile vikaratasi vilivyochafuka nshavitupa."

Lahaula. Maabara haipokei chupa isiyojulikana ya mnyama gani. Nilimfokea mama yangu mpaka majirani wakafungua madirisha. Nikamwambia ameshamaliza banda la mjane, kwa sababu Ame alikwishaondoka kwenda kwao Makunduchi na kazi ile inataka watu watatu: Bi Maryam amshike mnyama kwa kamba, mimi nichome sindano, na mwingine apokee chupa aibandike namba pale pale.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akavaa buibui lake.

"Nimeharibu mimi," akasema. "Twende."

Tukarudi kwa Bi Maryam, mama kapakata chupa mpya na plasta. Bandani jike kubwa likapiga ukelele, mama akarudi nyuma mpaka ukutani. Bi Maryam akamwambia, "Shikamoo, Bibi. Usimwogope, huyu ana makelele tu."

"Marahaba," mama akajibu. "Hata huyu wangu." Akaninyooshea mimi kidole.

Wakacheka wote wawili, mimi nikainamia sindano yangu. Tangu hapo mama alipokea kila chupa ikiwa bado na joto, akabandika namba, akauliza: huyu mama yake yupi, na yule kazaliwa na nani. Tulipomaliza alikuwa anaijua nasaba ya banda zima.

Alhamisi majibu yakaja. Si homa. Ni kirusi cha kuharisha cha vitoto, kimeonekana kwa wawili tu, nao watengwe, wengine wasiguswe. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini mama alikuwa keshasimama mlangoni na buibui jipya, lile la harusini.

Bi Maryam alikuwa anasafisha banda, uchafu umempanda mpaka viwikoni. Nilipompa habari alikuja mbio, mikono imefunguka. Akamwona mama. Akasita, akairudisha mikono nyuma ya mgongo, kwa kuwa anajua sisi ni watu gani.

"We Maryam," mama akasema, "mikono unaificha ya nini?"

Akavuka kizingiti, akamkumbatia vile vile alivyo, akamwacha alie begani mwake mpaka atosheke. Nilimpenda mama yangu siku ile kuliko siku zote nilizomjua, na mbele ya Bi Maryam na nguruwe wake nikamwambia hivyo.