Gauni la Argia

Watu wa Parma, kule Italia, wanapenda kula vizuri na wanaudhika upesi, na hakuna kinachowaudhi kama noti iliyoimbwa vibaya. Mwimbaji anaweza kupigiwa makofi Vienna mpaka viganja vya watu vivimbe. Akifika Parma anaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Wanaomhukumu wanakaa roshani ya juu kabisa, kwenye viti vya bei rahisi: vinyozi, mafundi viatu, waoka mikate. Opera zote wanazijua kwa moyo, na huruma hawana hata ya dawa.

Ines Ghirardi aliyaonja hayo angali msichana. Usiku wake wa kwanza jukwaani, mbele ya mji wake mwenyewe, sauti ilimkatikia kwenye noti ya juu. Mruzi wa kwanza wa kuzomea ulitoka kwa Fermo, muuza nyama wa mtaa wao, kisha roshani nzima ikaupokea. Ines akafunga virago akaenda kuimba Lisbon na Buenos Aires, akapata jina, ila jukwaa la Parma hakulikanyaga tena. Mama yake, Argia, hakugombana na mtu. Tangu siku hiyo akawa anavuka daraja kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, kwenda kununua nyama ng'ambo ya mto. Na duka la Fermo liko mlango wa tatu kutoka kwake!

Miaka ikaenda. Ines akakaribia hamsini, sauti ikaanza kuamka na uzito asubuhi, ndipo alipokubali kurudi Parma kuimba opera ileile. Waandishi wa magazeti aliwaambia amekumbuka nyumbani. Uongo mtupu. Alitaka kuimba ile noti palepale ilipomtoroka, ili mama yake anunue nyama karibu kabla miguu haijamwisha.

Safari hii Argia alipewa kiti cha mbele, kando ya jukwaa. Ndani ya jumba lile alikuwa hajawahi kuingia. Usiku ule wa kwanza yeye na marehemu mumewe waliona haya kwa nguo zao kuukuu, wakasimama nje barabarani, na miruzi waliisikia wakiwa huko huko. Kwa hiyo sasa alijishonea gauni kimyakimya. Alichagua rangi ya violeta, yale maua madogo waliyokuwa wakiuza stesheni, maana ndiyo yaliyomsomesha binti yao kuimba. Gauni la zambarau, shingoni mpaka miguuni.

Masikini Argia, nani angemwambia? Zambarau haiingii kwenye opera. Wazee husema ni rangi ya Kwaresima, kipindi ambacho zamani majumba ya opera yalifungwa na waimbaji wakalala njaa. Ukiiona, unashika chuma haraka kukinga mkosi na kuomba Mungu.

Ottorino, mwimbaji mwenzake Ines, alichungulia kwenye tundu la pazia, akarudi ameishiwa rangi, akakaa juu ya sanduku la mavazi na kusema hatoki. Meneja akamsihi Ines amwombe mama arudi nyumbani, au angalau akae nyuma, gizani.

"Mama yangu alishasimama nje mara moja, inatosha," Ines akasema. "Ottorino, kama hutaki kutoka, niachie upanga wako. Nitaimba na huo."

Ottorino akatoka, huku ameshika rundo la funguo mfukoni.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Wakati wa mapumziko, mwanamke wa kiti cha jirani hakuweza kujizuia, akamnong'oneza Argia habari za zambarau. Ines hakuyajua hayo. Alipotoka kuimba wimbo wenyewe alimtazama mama yake apate nguvu, akamwona amejikunyata, viganja viwili vimetandazwa juu ya sketi kana kwamba vingeweza kuificha. Ines akaumia. Noti ya juu ikaja, naye akaipanda na uchungu ule ule, na sauti ikakatika.

Ines akasubiri mruzi. Juu roshanini akamwona mzee mwenye upara akisimama na kushika ukingo, akamtambua: Fermo. Akasema moyoni, basi, tumekwisha, mimi na mama.

"Ni hilo gauni," Fermo akatangaza kwa sauti ya kuitia wateja. "Bi Argia, jifunike hili. Na wewe binti, rudia."

Koti jeusi likashuka kutoka juu, likamfunika kichwa yule mnong'onezaji. Watu wakacheka. Argia akalivuta, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Roshani ikaanza kudai: rudia, rudia. Watu ambao hawakuwahi kumsamehe mtu walikuwa wakidai arudie. Kiongozi wa okestra akainua kijiti chake.

Ines akaimba tena, na noti ikatoka, ikakaa huko juu kadiri alivyotaka. Makofi yalipoanza alilia waziwazi, wala hakujali rangi ya macho kumchuruzika.

Jumamosi mama na binti walikwenda kurudisha koti. Fermo alikuwa anakata soseji, hakuinua macho.

"Noti ya pili ilikuwa nzuri," akasema.

"Na ya kwanza?" Ines akauliza.

"Ya kwanza ilikuwa gauni."

Argia akaliweka koti juu ya meza, akamwambia linanuka vitunguu saumu. Kisha akamuuliza kama kweli yeye, mtu mzima, anaamini mambo ya rangi.

"Roshani inaamini," Fermo akajibu, akifuta kisu. "Mimi nauza nyama."

Argia akavuta kiti kilichokuwa mlangoni, akakaa.

"Basi nipimie ya supu," akasema, "na mfupa. Lile daraja limenichosha."