Askari wa Ukutani kwa Nuruddin

Miaka ile serikali ilipoachia biashara, mji wa Bariadi ulijaa maduka kuliko wanunuzi, na kila duka lilitaka kibao. Kasmiri, fundi wa vibao, alishika brashi tangu asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi. Alichora mikasi kwa vinyozi, cherehani kwa mafundi nguo, ng'ombe kwa wauza nyama. Ng'ombe wake walisifiwa mpaka Mwanhuzi, ambako watu hawasifii ng'ombe ovyo. Lakini vita hakuwahi kuchora.

Kazi ya vita aliletewa na Nuruddin, mtu wa Pangani aliyekuwa akiuza vitenge karibu na stendi. Vitenge vilipododa alikwenda Mwanza, akarudi na televisheni, jenereta, na mashine ya gemu yenye kaseti moja, watu wamlipe kucheza. Kaseti yenyewe ilikuwa ya mitumba. Karatasi yake ya juu ilishachunika, kwa hiyo hakuna aliyejua gemu hiyo inaitwaje.

"Nichoree ukuta wote wa mbele, huyu askari wa kwenye gemu," Nuruddin alisema. "Mtu ashuke kwenye basi, akiuona tu aingie."

Kasmiri aliomba kwanza amwone huyo askari. Nuruddin akawasha mitambo. Kwenye kioo akatokea mtu mdogo kama punje ya mchele, akikimbia kuelekea kulia na kurusha vitone.

"Uso wake ukoje?" Kasmiri aliuliza.

"Hana uso."

Kasmiri alikuwa mtu mkweli katika kazi yake. Alichora alichokiona: ukuta mweupe, na katikati yake kijitu cha vidoa vya kijani, kikubwa kama panya. Watu walipita. Mmoja tu alisimama, akamshauri Nuruddin aweke mtego.

"Fundi, umenimaliza," Nuruddin alilalamika. Walikuwa wamesimama nyuma ya kibanda, jenereta likinguruma kiasi kwamba walisomana midomo. "Nataka mtu mzima. Kifua hiki hapa! Sura ya kutisha! Na mgongoni mpe bomu!"

"Bomba?"

"Ndiyo! Kubwa, lionekane mpaka stendi!"

Kasmiri aliondoka akiwaza. Bomba la mgongoni alilijua vizuri. Kila mkulima wa pamba alilijua. Namna linavyoingia vitani hakuielewa, lakini mwenye gemu ni Nuruddin, na watu wa pwani wamesafiri.

Alikwenda kiwanda cha kuchambulia pamba akamwazima Ndaki, mbeba marobota, ambaye mabega yake hayakuenea mlangoni. Akamvika koti la mvua la kijani, akamfunga bomba la kupulizia dawa mgongoni, mkononi akamshikisha ule mrija wake mrefu.

"Nikunje uso?" Ndaki aliuliza.

"Fikiria umepunjwa kwenye mzani."

Uso wa Ndaki ukabadilika pale pale hata Kasmiri akarudi nyuma hatua. Alichora haraka kabla hasira haijampoa mwenzake. Safari hii aliacha kila kisichohitajika. Maneno hakuandika hata moja. Nyuma ya askari alipaka rangi moja tu, ya chungwa. Askari alijaza ukuta kutoka msingi mpaka bati, macho yamekukazia popote uliposimama, na ule mrija umekuelekea kifuani. Kasmiri alipoutazama kutoka stendi moyo ulimdunda. Hakuwa amewahi kuchora kitu kizuri namna ile.

Nuruddin alitoka nje, akautazama ukuta. Akautazama tena.

"Hilo la mgongoni nini?"

"Bomba," Kasmiri alijibu.

Kabla hawajamaliza kuulizana, watu walikwisha anza kufika.

Ulikuwa msimu mbaya. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi walileta mizani bila kuleta dawa, na funza walikuwa wanakula vitumba shambani mchana kweupe. Sasa ghafla, karibu na stendi, jitu lenye bomba na hasira. Wakulima walijipanga na madumu yao. Wengine walitoka mpaka Ipililo. Mbele yao wote alisimama mama mmoja mkavu, Nyanjige, mwenye shamba kubwa la pamba nje kidogo ya mji.

"Mwadila, baba," alimsalimia Nuruddin. "Tumekuja kuchukua dawa ya askari."

"Mayu, mama yangu, hapa hakuna dawa. Huu ni mchezo. Wa kwenye televisheni."

"Basi tuone inavyofanya kazi."

Nuruddin aliona heri awaoneshe yaishe. Akawaingiza ndani, akawasha. Nyanjige alikaa kwenye benchi akamtazama yule punje ya mchele kwa makini.

"Anaua nini?"

"Maadui. Wanatoka kulia."

"Akiwaua wanakwisha?"

"Hapana, wanakuja wengine."

"Ni funza hao," Nyanjige aliwaambia walioko nyuma, na habari ikapokelewa mpaka nje.

Alipewa pedi ya kuchezea. Akamtembeza askari polepole, mstari kwa mstari kama yuko shambani, mpaka adui akamgusa naye akaanguka akimwekamweka na kutoweka. 

"Amevuta dawa," Nyanjige alisema kwa huzuni. "Hakujifunga kitambaa mdomoni. Fundi, hilo umelikosea hata pale ukutani."

Kasmiri aliona haya. Jioni ile alimfunga askari kitambaa.

Nuruddin aliamka akakuta kitambaa, akakaa chini. "Fundi," alisema taratibu, "huyu anatakiwa aue watu. Toa kitambaa. Toa bomba. Mfanye atoe moto."

Kitambaa Kasmiri alikubali kukifuta. Bomba lilimshinda, maana kuliondoa ni kumvunja askari mgongo. Basi akaliacha, na kwenye ncha ya mrija akachora ndimi za moto, nyekundu na njano, zilizofika mpaka dirishani.

Aliyefika safari hiyo alikuwa Januarius, bwana shamba, akiendesha baiskeli. Alishuka, akavua kofia mbele ya ukuta.

"Kila mwaka nawaambia watu wang'oe mabua ya pamba wayachome, funza wasilale humo," alisema. "Hawanisikii. Leo asubuhi watu wameniuliza wenyewe. Nani amewatuma kazi hii?"

"Hakuna aliyetutuma," Nuruddin alijibu. "Ni gemu."

"Iwe Gemu, iwe programu nyingine yoyote, sawa. Mje hata Malampaka, pale wanapoteremka watu wa treni."

Akaitisha mkutano hapo hapo, akaufundisha umma akielekeza kwa pampu ya baiskeli sehemu mbalimbali za askari. Ndaki alipopita akitoka kazini alizingirwa kama mgeni rasmi. Walimuuliza kuhusu chawa wa majani. Alisema hajui. Walimsihi. Mwishowe akawaambia wapalilie mapema, nao wakaridhika.

Wateja wa gemu, wale wachache, walishindwa hata kuufikia mlango.

"Maneno," Kasmiri alisema. "Nilikosea kuacha maneno."

Akaandika kwa herufi kubwa, nyeusi, chini ya buti za askari: HAPA HAKUNA DAWA.

Kesho yake msongamano ulifika barabarani. Kasmiri alipenya mpaka mbele akamkuta Nyanjige, na kwa adabu akamwuliza kama ameyasoma yale maandishi.

"Nimesoma, ng'wanawane, mwanangu," alijibu. "Tumeishi miaka ya uhaba wa sukari na sabuni. Duka likikwambia hakuna, ujue iko chini ya kaunta, inangoja watu wake. Sisi tutangoja pia."

Walingoja kweli. Wengine walipika hapo hapo. Nuruddin alijaribu kuwafungulia stoo waone; walitazama, wakamsifu kwa namna alivyoificha vizuri. Siku ya soko ilipofika aliacha kubishana. Alipanda gari la Mwanza na kipeto cha vitenge vilivyobaki, akaviuza kwa bei ya kutupa, akarudi amekalia makasha ya dawa ya pamba.

Kasmiri aliposikia alifurahi kama aliyetua mzigo. Alibeba kopo la rangi ya chungwa akaenda kufuta yale maneno, kwa kuwa sasa yalikuwa uongo, na ukuta wake hakutaka useme uongo. Alikuwa amekwisha chovya brashi Nuruddin alipotoka mbio akamshika mkono.

"Usiguse."

"Lakini dawa ipo."

"Ndiyo ipo. Wakisoma kwamba ipo, nani atakuja?"

Kasmiri alibaki ameshika brashi, rangi ikimchuruzikia kiatuni. Ndani, Nyanjige alikuwa amekwisha pata chupa yake lakini hakutaka kuondoka nayo hivi hivi. Alikuwa ameiweka juu ya televisheni, pedi mkononi, akisubiri jenereta liwashwe ili aone kama hii ya leo inaua.

"Ngosha, ingia ukae," alimwita Kasmiri, akimsogezea nafasi kwenye benchi. "Wewe unamjua huyu askari. Niambie, ule mto wa kwenye kioo anaurukaje?"

Kasmiri aliweka kopo chini, akaingia.